Alama ya Damu na Saratani ya Ovari

Ugonjwa uliojificha tumboni huwashinda waganga kwa jambo moja: hauonekani. Mgonjwa akiisha kupasuliwa na kupewa dawa, hubaki swali: je, adui ameondoka au amenyamaza tu? Historia ya alama za saratani ni historia ya kutafuta jibu hilo.

Mwaka 1956 huko Bethesda, Marekani, Min Chiu Li na Roy Hertz waliwatibu kwa methotrexate wanawake wenye saratani itokanayo na kondo la nyuma. Uvimbe ulitoweka, lakini homoni ya mimba ilibaki katika mkojo. Li alishikilia kwamba maadamu homoni ipo, ugonjwa upo. Akazidi kutoa dawa. Msimamo huo ulimpotezea kazi, lakini baadaye ilidhihirika kwamba waliotibiwa hadi homoni ikaisha ndio waliopona.

Saratani ya ovari, vifuko vya mayai ya uzazi, ilipata alama yake baadaye. Mwaka 1981 Robert Bast na wenzake walieleza kingamwili iliyotambua kitu kiitwacho CA 125. Mwaka 1983 walitangaza kwamba wagonjwa 83 katika 101 walizidi yuniti 35 kwa mililita. Na katika mara 45 ambapo ugonjwa ulizidi au ulipungua, alama iliufuata mara 42. Tangu hapo, kushuka kwa alama wakati wa matibabu kumekuwa dalili njema kwamba dawa inafanya kazi.

Basi ilikuwa rahisi kudhani kwamba fundisho la Li lafaa hapa pia: alama ikipanda, dawa itolewe mara. Jaribio la Gordon Rustin wa Uingereza, lililochapishwa 2010, lilipinga dhana hiyo. Wanawake 529 waliokuwa wametulia, kisha alama yao ikapanda, waligawanywa: baadhi walitibiwa papo hapo, wengine walingojewa hadi dalili zitokee. Umri wa kuishi haukutofautiana; waliotangulia kutibiwa walitangulia tu kuonja taabu ya dawa. Methotrexate iliweza kuung'oa ugonjwa wa kondo. Dawa za wakati huo ziliweza kuutuliza tu ule wa ovari uliorudi. Thamani ya kipimo haipiti nguvu ya dawa inayokifuata.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 1996 sheria iliunda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897. Mwaka huo huo wakimbizi wa Kongo walifunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kati ya mahali hapo pawili pana zaidi ya kilomita elfu moja. Mwanamke wa Nyarugusu asafirishwe mwendo huo kwa sababu ya tarakimu moja? Yatupasa kukumbuka kwamba CA 125 hupanda pia kwa mimba, na kwa kifua kikuu cha tumbo, ambacho hujaza maji tumboni kama saratani ifanyavyo, nacho kina dawa ya kukiponya. Tarakimu hiyo si hukumu. Mganga amsikilize mgonjwa, ampapase tumbo, atafute uthibitisho wa nyama iliyokatwa. Ndipo damu ipewe nafasi yake ya shahidi miongoni mwa mashahidi.