Swali la Mbunge na Jibu Lisilo na Tarehe

Asubuhi bungeni Dodoma, dua ikishasomwa na hati zikishawekwa mezani, huanza kipindi cha maswali. Mbunge husimama akataja namba ya swali lake, na mara nyingi anayeinuka kujibu ni Naibu Waziri, kwa niaba ya waziri wake. Msomaji wa Taarifa Rasmi za Bunge akipitia vikao vya wiki moja tu ataweza kuyabashiri majibu ya wiki inayofuata. Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo. Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea. Ujenzi utaanza kadri fedha zitakavyopatikana. Mbunge humshukuru Naibu Waziri kwa majibu mazuri, kisha huuliza maswali yake mawili ya nyongeza, na la pili aghalabu ni ombi kwamba waongozane jimboni akajionee hali mwenyewe. Naibu Waziri hukubali, na Spika huita swali linalofuata.

Wapo wanaoutazama utaratibu huu na kuhitimisha kwamba wabunge wetu wamekuwa madiwani wakubwa: wanauliza visima na vivuko wakati mikataba ya gesi na deni la taifa vinapita bila kuguswa. Nalipinga hitimisho hilo. Swali la kisima ni swali halali la kitaifa. Kinachokidhoofisha kipindi cha maswali ni kwamba jibu halimfungi aliyelitoa, na kasoro hiyo inalikumba swali la kisima sawasawa na swali la gesi.

Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge mamlaka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na katika kutaja njia za kufanya hivyo inaanza na haki ya kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Katiba haikutenga mambo ya jimbo na mambo ya taifa, na mwenendo wa miaka ya karibuni umezidi kuufuta mpaka huo. Hadi mwaka 2017 barabara za wilaya zilikuwa mikononi mwa halmashauri, na mhandisi wake alikaa mbele ya madiwani kujieleza. Ilipoundwa TARURA, kazi hiyo ilihamia kwa wakala huo wa barabara za vijijini na mijini, ulio chini ya TAMISEMI. Mwaka 2019 RUWASA ikachukua maji ya vijijini kwa namna hiyohiyo, chini ya Wizara ya Maji. Mabadiliko hayo yana utetezi wake wa kitaalamu, lakini yalisogeza pia mahali pa kuulizia. Meneja wa TARURA wa wilaya anaweza kufika kwenye baraza la madiwani na kutoa taarifa, ila bajeti na mamlaka vinavyomgusa viko juu ya baraza hilo. Daraja likisombwa na mvua, mtu pekee aliyechaguliwa na wananchi wa pale anayeweza kumkabili mwenye bajeti uso kwa uso ni mbunge. Tukishahamishia mamlaka makao makuu, hatuna haki ya kumcheka mbunge anayelifuata tatizo la kijiji huko huko lilikohamishiwa.

Chukua mfano wa maboma, yaani majengo ya zahanati, madarasa na nyumba za walimu ambayo wananchi wameyainua kwa nguvu zao hadi hatua ya lenta na kuiachia Serikali ipaue na kumalizia. Mbunge akiuliza kama Serikali haioni umuhimu wa kumalizia boma la zahanati la kijiji fulani, jibu limekwishaandikwa kabla hajaketi: Serikali inauona umuhimu huo. Swali la namna hiyo linamwalika waziri kukiri jambo ambalo hakuna anayelikana. Lakini anaweza kuuliza kwa njia nyingine. Katika bajeti ya mwaka huu wa fedha, halmashauri yangu ilitengewa kiasi gani kwa ukamilishaji wa maboma ya zahanati? Hadi leo Hazina imetoa kiasi gani, na vigezo gani vilitumika kuamua boma lipi litangulie? Boma ni lilelile, kijiji ni kilekile, na sasa Wizara haiwezi kujibu bila kufungua vitabu vyake. Wabunge wa majimbo mengine wakiuliza vivyo hivyo kwa mwezi mmoja, nchi itakuwa na picha ya fedha zilizoahidiwa na zilizotoka ambayo hotuba ya bajeti haiionyeshi. Kwa njia hiyo swali la jimbo huzaa swali la taifa bila mbunge kuwapa kisogo waliomtuma.

Swali la nyongeza ndilo lenye thamani kubwa zaidi, na ndilo linalotupwa ovyo zaidi. Swali la msingi hupelekwa kwa maandishi, likapita kwa wataalamu wa wizara na kusafishwa kila neno linaloweza kuleta matata. La nyongeza humkuta anayejibu akiwa na kumbukumbu zake tu. Ndiyo sababu maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, yanayoulizwa siku za Alhamisi, yamekuwa na uzito wa pekee. Juni 2013, akijibu swali la aina hiyo wakati wa msukosuko wa usalama nchini, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema kwamba watu wanaokaidi amri za vyombo vya dola wapigwe tu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Tanganyika vilimfungulia kesi Mahakama Kuu, ikatupwa mwaka uliofuata. Hata hivyo taifa lilikuwa limekwisha kusikia, kwa kinywa cha kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni, fikra ambayo hakuna jibu la maandishi lingeifichua. Mbunge anayeitumia nafasi hiyo kuomba ziara ya Naibu Waziri anaiuza kwa bei ya kutupa.

Kipo kikao kingine ambamo swali lina meno. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi kupitisha bajeti ya wizara, mbunge asiyeridhika na maelezo anaweza kushika shilingi kwenye mshahara wa waziri. Shilingi yenyewe si kitu, lakini waziri hulazimika kusimama na kueleza sera yake, wabunge wengine huchangia, na aliyeishika huamua kama ameridhika airudishe au hoja ipigiwe kura. Nimesoma mijadala ya namna hii na kuona mawaziri wakitamka miezi na viwango vya fedha ambavyo asubuhi ya siku ileile havikupatikana. Lakini kwa sehemu kubwa shilingi hurudishwa kabla ya kura, na sababu haiko mbali. Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, na ibara ya 71 inampokonya kiti mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini. Mbunge wa chama tawala humuuliza waziri akijua kwamba chama chao ni kimoja. Somo hilo ni la tangu enzi za chama kimoja: mwaka 1968 TANU iliwafukuza wabunge kadhaa, na viti vyao vikaenda pamoja na kadi zao.

Historia ya karibuni inaonyesha faida ya kuuliza na gharama yake kwa pamoja. Mwaka 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alilitaka Bunge liunde kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ambao Waziri Nazir Karamagi alikuwa ameusaini London. Bunge lilimwona amesema uongo, likamsimamisha mwezi Agosti. Miezi michache baadaye Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya madini chini ya Jaji Mark Bomani na kumteua Zitto huyohuyo kuwa mjumbe, na mwaka 2010 nchi ikapata sheria mpya ya madini. Mwaka 2014 David Kafulila wa Kigoma Kusini alishikilia suala la zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, akavumilia kauli nzito kutoka kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, hadi taarifa ya Kamati ya Hesabu za Serikali ilipofika bungeni mwezi Novemba. Kufikia Januari 2015 Mwanasheria Mkuu na mawaziri wawili walikuwa wameondoka madarakani. Na Juni 2024 Luhaga Mpina wa Kisesa, wa chama tawala na aliyewahi kuwa waziri, alimtuhumu Waziri wa Kilimo kusema uongo kuhusu vibali vya kuagiza sukari. Aliwasilisha ushahidi kwa Spika, akauzungumzia mbele ya waandishi wa habari, na Bunge likamsimamisha vikao 15 kwa kudharau mamlaka ya Spika.

Kanuni zina sababu ya kudai ushahidi, kwa kuwa heshima ya mtu haipaswi kuchafuliwa kwa kinga ya ukumbi. Ninachokilalamikia ni kutolingana kwa mizani. Mbunge anayemtuhumu waziri hutakiwa kuthibitisha ndani ya siku chache. Waziri aliyeahidi mbele ya nchi nzima hapewi siku yoyote ya kuthibitisha kwamba alitenda.

Kuna wanaoamini kwamba dawa ni kuwatoa mawaziri bungeni. Kenya ilifanya hivyo. Katiba ya mwaka 2010 ilikataza waziri kuwa mbunge, na baada ya uchaguzi wa 2013 kipindi cha maswali cha Nairobi kikafa. Mawaziri wakawa wanaitwa mbele ya kamati. Wabunge wakalalamika miaka yote hiyo kwamba majibu yanachelewa na hayasikiki kwa wananchi, hadi mwishoni mwa 2022 Rais William Ruto alipowaandikia maspika kupendekeza mawaziri waje kujibu ukumbini, jambo lililoanza mwaka 2023. Safari hiyo ndefu inatufundisha kwamba ukumbi wenyewe una thamani. Mkulima wa Namtumbo hatasoma taarifa ya kamati, lakini akimsikia mbunge wake redioni akitaja kijiji chake, anajua pa kuanzia kudai. Kwa sababu hiyo uamuzi wa Januari 2016 wa TBC kuacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja ulikuwa pigo zaidi kwa mwananchi kuliko kwa mbunge.

Mfano unaotufaa zaidi uko India. Tangu mwaka 1953 Lok Sabha, baraza la chini la bunge la huko, ina kamati ya ahadi za Serikali, ambayo kazi yake ni kuyapitia majibu ya mawaziri na kuzifuatilia ahadi zilizomo hadi zitimizwe, na kwa kawaida wizara hupewa miezi 3. Bunge hilo limeorodhesha hata misemo inayohesabiwa kuwa ahadi, ikiwemo ile ya waziri kusema kwamba suala linafanyiwa kazi. Uganda nayo ina kamati ya kufuatilia ahadi na utekelezaji. Dodoma inastahili kamati kama hiyo, na haja yake ilikwisha kuonekana. Profesa Mussa Assad, akiwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, alipokuita udhaifu wa Bunge kule kutochukuliwa hatua kwa ripoti zake, aliitwa kujieleza, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Hoja yake ilihusu ripoti za ukaguzi, lakini inayagusa majibu ya mawaziri vilevile.

Nitaambiwa kwamba waziri hawezi kutaja tarehe wakati fedha hutoka Hazina kulingana na makusanyo. Pingamizi hili lina ukweli wake. Ila waziri asiyeijua tarehe anaijua foleni. Anaweza kusema barabara ni ya ngapi katika mpango, imepangiwa fungu lipi, na nini kikitokea itasogezwa nyuma. Kamati ya ahadi ingeyaandika hayo katika daftari moja: namba ya swali, siku ya jibu, cheo cha aliyejibu, kiasi kilichotajwa na hatua iliyofikiwa, na kila mkutano wa Bunge ungefunguliwa kwa taarifa ya ahadi zilizopitwa na muda. Nakala ya kila halmashauri ipelekwe kwa mkurugenzi wake. Hapo diwani ataweza kuiweka mezani kwenye kikao cha robo mwaka na kumuuliza meneja wa TARURA, kwa namba ya swali na siku ya jibu, kazi imefika wapi.