Mchezo Uliozimwa Ili Uishi

Mtu akiniuliza ni nini hufanya mchezo wa mtandaoni wa kulipia kila mwezi ufaulu, mimi humsimulia historia ya Final Fantasy XIV.

Kampuni ya Square Enix ya Japani iliutoa Septemba 2010. Picha zilipendeza, lakini mchezo ulikwamakwama na menyu zake zilichosha. Hebu fikiria: chungu cha maua kilikuwa na poligoni karibu 1,000, sawa na mhusika mzima!

Desemba 2010 kazi ikakabidhiwa Naoki Yoshida. Kampuni iliomba radhi, na haikutoza ada hadi Januari 2012. Muda huo wote kikosi chake kilirekebisha mchezo wa zamani huku kikijenga mpya kando. Novemba 2012 seva zikazimwa. Katika hadithi, mwezi mdogo uitwao Dalamud uliuangukia ulimwengu wa wachezaji. Agosti 2013 mchezo ukarudi kwa jina A Realm Reborn, bado wa kulipia kila mwezi, na watu wakalipa.

Kwa nini? Anayenunua mara moja hulipia kilichopo. Anayelipa kila mwezi hulipia imani kwamba kesho kutakuwa na kitu, na kwamba kikiharibika kuna mtu atakayekiri.

Mimi niliwahi kuendelea kumtoza mteja ada ya mfumo niliojua una kasoro. Hakugombana nami. Mwezi uliofuata hakulipa, basi. Kutupa kazi ya miaka kunauma, jamani, lakini kimya cha mteja kinauma zaidi.