Waipa ya gari

Waipa ya gari ni kifaa kinachofuta mvua, vumbi na tope kwenye kioo cha mbele ili dereva aweze kuona barabara. Baadhi ya magari huwa nayo pia kwenye kioo cha nyuma. Sehemu inayogusa kioo ni raba. Kwa kuwa raba huchakaa mapema kuliko sehemu nyingine, hubadilishwa mara nyingi katika maisha ya gari.

Historia

Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alipewa hataza ya waipa tarehe 10 Novemba 1903. Alikuwa ametembelea New York wakati wa baridi, akaona dereva wa tramu akishindwa kuona mbele kwa sababu ya theluji. Waipa yake iliendeshwa kwa mkono, kwa wenzo uliowekwa ndani ya chombo. Baadaye zilikuja waipa za mota ya umeme. Mwaka 1964 mhandisi Mmarekani Robert Kearns aliomba hataza ya waipa inayofuta kwa vipindi, inayofaa wakati wa manyunyu.

Muundo

Mota huzungusha vyuma vinavyogeuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Mkono wa waipa una springi inayokandamiza raba kwenye kioo. Katika magari mengi ya zamani raba hushikwa na fremu ya chuma yenye matao, ambayo husambaza nguvu ya springi kwenye urefu wote wa raba. Ncha ya mkono mara nyingi imepindwa kama ndoana.

Kuchakaa

Jua na joto hukausha na kupasua raba hata kama gari limeegeshwa tu. Ndiyo sababu waipa ambayo haikutumika kiangazi chote inaweza kushindwa kazi siku ya kwanza ya masika au vuli. Dalili za kuchakaa ni hizi:

- michirizi ya maji inayobaki kwenye kioo;
- kurukaruka na kupiga kelele;
- sehemu ya kioo kutofutwa kabisa.

Ukungu unaobaki baada ya kufuta unaweza kutokana na mafuta kwenye kioo, hivyo kioo husafishwa kwanza kabla ya kulaumu raba. Kama sehemu moja haifutwi hata kwa raba mpya, huenda fremu imepinda au springi imelegea.

Raba ikiisha, chuma hukwaruza kioo. Mikwaruzo hiyo hutawanya mwanga wa taa za magari yanayokuja usiku na kumpofusha dereva kwa muda.

Kubadilisha

Waipa ya upande wa dereva na ile ya abiria mara nyingi hazilingani, kwa hiyo kila moja hupimwa peke yake. Kwa mkono wa ndoana, hatua ni hizi:

1. Gari huzimwa, na waipa ziwe zimesimama.
2. Mkono huinuliwa mpaka usimame wenyewe.
3. Taulo nene hutandikwa kwenye kioo. Mkono usio na waipa ukirudi kwa nguvu ya springi unaweza kupasua kioo, ambacho ni ghali kuliko waipa yenyewe.
4. Klipu ya plastiki hubonyezwa, kisha waipa husukumwa kuelekea shina la mkono mpaka itoke kwenye ndoana.
5. Waipa mpya huingizwa na kuvutwa juu mpaka klipu ilie.
6. Taulo huondolewa, mkono hushushwa polepole, na waipa hujaribiwa kwenye kioo chenye maji.

Kama fremu bado ni nzima, inawezekana kubadilisha raba pekee. Vyuma vyembamba viwili vinavyoinyoosha raba huhamishiwa kwenye raba mpya, vikielekea upande uleule vilivyokuwa.

Utunzaji

Raba hudumu zaidi ikifutwa vumbi kwa kitambaa chenye maji na gari likiegeshwa kivulini. Waipa haipaswi kuwashwa kwenye kioo kikavu chenye vumbi, kwa kuwa mchanga hukata raba na kukwaruza kioo.