Maua ya shaba na staji ya watoto wetu

Leo tukumbuke vilima vyetu.

Wazee walitambua kilima cha shaba kwa mbali: hakina miti, kina majani na maua madogo tu. Shaba nyingi ni sumu kwa miti ya miombo, ila maua hayo yameizoea. Mengine hayaoti popote duniani isipokuwa juu ya shaba ya Katanga.

Union Minière ilianzishwa 1906, na kila kilima kilichochimbwa kilikwenda na maua yake. Mbuga ya Upemba iliundwa 1939, lakini vilima vya Kolwezi vilibaki nje ya mipaka yake. Baadaye, profesa François Malaisse wa chuo kikuu cha Lubumbashi alitumia miaka mingi kuyaandika maua hayo moja moja.

Leo nani ataendelea? Mwanafunzi wa kilimo anatakiwa kufanya staji, yaani kazi ya kujifunza. Mara nyingi halipwi. Nauli na chakula ni juu ya mzazi. Mzazi aliyevunjiwa nyumba atatoa wapi? Mtoto anaacha masomo, anashuka shimoni.

Sheria ya madini ya 2018 inataka kampuni zitoe 0,3% ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Sehemu yake ilipe staji za likizo: vijana wakusanye mbegu kabla tingatinga halijafika. Na watoto wa waliohamishwa wawe wa kwanza. Ni wao wanaokumbuka kilima kilisimama wapi.