Kulabu na Uzi: Kazi ya Mikono Baina ya Zawadi na Ujira

Mwanahistoria huipenda kazi iliyoacha hati. Shamba lina stakabadhi za kodi, kiwanda kina daftari la mishahara, na jahazi lina orodha ya shehena. Walakini ziko kazi nyingi ambazo wanadamu wamezifanya kwa ustadi na uvumilivu, wala hazikuandikwa katika daftari lolote, kwa sababu zilipokwisha hazikuuzwa bali zilitolewa. Kofia ya mtoto mchanga, shali ya bibi mzaa mama, kitambaa cha meza ya bi arusi: vitu hivi havina risiti. Insha hii inaitazama kazi moja ya namna hiyo, nayo ni kufuma kwa kulabu, ambako Wafaransa walikupa jina la kijisindano chake chenye ncha iliyopinda, na ambako akina mama wengi wa Afrika ya Mashariki hukuita kroshia. Nadai ya kuwa kazi hii imeishi maisha mawili, moja la zawadi na moja la ujira. Na kwa kuwa la ujira ndilo lililoandikwa, tumezoea kulichukua kuwa ndilo historia yote.

Lugha yetu yenyewe haisaidii kutenga mambo haya. Kitenzi kimoja, kufuma, hutumika kwa mfumi aliyeketi mbele ya kitanda cha mfumi, kwa mwenye sindano mbili na fulana ya sufu, na kwa mwenye kulabu. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Kufuma kwa sindano mbili huacha vitanzi vingi wazi kwa wakati mmoja, na sindano ikichomoka safu nzima iko hatarini kufumuka. Kwa kulabu, kitanzi kilicho wazi aghalabu ni kimoja tu. Hicho huvutwa ndani yake kingine, na kingine tena, mpaka kazi iishe. Mtoto akilia, au chungu kikifurika mekoni, mfumaji huiweka kazi chini, akairudia baadaye pasipo hasara kubwa. Hahitaji meza wala mtambo. Kazi yake huingia mfukoni, nayo huweza kugeuzwa upande wowote: duara, mraba, jani, ua. Mashine ya kufuma soksi, iliyoiga kazi ya sindano mbili, ilibuniwa na Mwingereza William Lee mwaka 1589. Lakini kroshia ya kweli viwanda havijaimudu hata leo. Panapoonekana kitambaa cha kroshia, mkono wa mtu umepita hapo kitanzi kwa kitanzi.

Umri wa kazi hii hutiwa chumvi sana. Wako wanaoipeleka hadi zama za mafirauni, kwa kuchanganya kila kitu chenye vitanzi. Mtafiti wa Denmark, Lis Paludan, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1986, aliutafuta ushahidi wa Ulaya kwa makini, asipate ulio thabiti wa kabla ya mwaka 1800. Yamkini chanzo kimojawapo ni darizi ya kulabu iliyofika Ulaya kutoka nchi za Mashariki katika karne ya 18, ambayo kitambaa chake huwambwa kama ngozi juu ya ngoma; baadaye kitambaa kikaachwa, uzi ukafumwa hewani. Maelekezo ya kwanza yanayojulikana yaliyochapwa yalitoka Uholanzi mwaka 1823, katika gazeti la wanawake lililoitwa Penélopé, nayo yalihusu vifuko vya fedha vya hariri. Basi hata maandishi hayo ya mwanzo yalikuwa ya vitu vidogo vya mtu kujifanyia au kumpa ampendaye.

Maisha ya pili ya kulabu yalianza kwa msiba. Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ayalandi, nchi ambayo maskini wake walikula viazi asubuhi na jioni, kwa kuwa nafaka waliyoilima ilikwenda katika kodi ya ardhi. Mpaka mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja walikuwa wamehama nchi. Katika dhiki hiyo watawa wa Ursuline wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, walikuwa wakiwafundisha wasichana kufuma kwa kulabu. Kaskazini, katika mji wa Clones, Cassandra Hand, mke wa kasisi wa Kianglikana, alimwita mwalimu kutoka Kildare, na kazi ikaenea vijijini. Ilichukuliwa kwa sababu za wazi kabisa. Kulabu ni rahisi kupatikana, uzi wa pamba si ghali, na mtu hujifunza misingi yake kwa siku chache, ilhali kimia cha sindano cha Venice, ambacho mabibi wa Ulaya walikithamini na ambacho Waayalandi walikusudia kukiiga, hudai muda mrefu zaidi sana.

Namna walivyoigawa kazi ni jambo la kutazamwa. Kila ua lilifumwa peke yake: waridi, zabibu, jani lile la pande tatu ambalo ni alama ya Ayalandi. Mmoja alifuma mawaridi tu, jirani yake majani tu. Nakshi ilikaa katika ukoo, mama akamrithisha binti, wala haikuonyeshwa ovyo kwa wageni. Kisha mwenye ustadi zaidi aliyapanga maua hayo na kuyaunganisha kwa wavu mwembamba wenye vifundo vidogo, ambavyo hata sasa vinaitwa kwa jina la Clones. Hivyo nyumba nzima, pamoja na watoto, iliweza kuingiza shilingi palipokuwa hapana shilingi. Susanna Meredith, aliyeendesha shule ya kazi hii mjini Cork, aliandika habari zao katika kitabu chake The Lacemakers cha mwaka 1865. Na mtu akisoma habari za enzi hiyo huona jinsi mambo yalivyopinduka, binti akawa mlishaji wa baba aliyekosa kibarua.

Sitaki kuipaka rangi ya furaha hali hiyo. Mfumaji wa Clones hakuifuma kola ili aivae yeye wala dada yake. Aliifuma kwa ajili ya shingo asiyoijua, huko London au Paris au New York, na mtindo wa mavazi ulipobadilika huko, chakula kilipungua kwake. Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya Uswisi na Ujerumani vilipata hila ya kutarizi kwa mashine juu ya kitambaa ambacho baadaye huyeyushwa kwa dawa, kikabaki kimia kinachofanana kwa mbali na kroshia ya Ayalandi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha soko lile lilikwisha nguvu. Hata hivyo mkono ulikuwa umekwisha jifunza, na mikono ile haikuacha kufuma kwa sababu ya kukosa mnunuzi.

Tuilinganishe na zawadi moja ambayo iliandikwa sana. Mwaka 1900, Malkia Victoria, akiwa na umri wa miaka themanini, alifuma kwa kulabu skafu nane za sufu ya rangi ya kaki, zenye herufi V.R.I., zikapelekwa Afrika Kusini wapewe askari waliosifika vitani: wanne wa jeshi la Uingereza, na wanne wa vikosi vya Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Majina ya waliopewa yanajulikana, na baadhi ya skafu zimehifadhiwa katika makumbusho. Ukazuka hata uvumi kwamba skafu hiyo ilikuwa ni nishani iliyo juu ya Msalaba wa Victoria, jambo ambalo si kweli. Katika vita hivyo hivyo maelfu ya wanawake na watoto, Makaburu na Waafrika, walikufa ndani ya kambi za jeshi la Malkia huyo. Nani atatuambia ni skafu ngapi na kofia ngapi za watoto zilizofumwa humo?

Hapa kwetu kroshia ilifika pamoja na masomo ya kazi za mikono ya wasichana katika shule za misheni, na baadaye kwa vyama vya akina mama. Maendeleo ya Wanawake ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1952, ilikuwa na kazi za uzi miongoni mwa mafunzo yake. Matokeo yake kila mtu ameyakalia: vile vitambaa, aghalabu vyeupe, vya migongoni na mikononi mwa makochi, na kile kidogo cha juu ya redio. Wasomi wa sanaa huvipita bila ya kuvitupia jicho. Basi na tufanye hesabu moja. Tuseme mama anamwandalia binti yake kitambaa cha meza cha maua kumi na mawili kwa kumi na matano. Hayo ni maua 180. Kila ua likichukua saa moja, naye akipata saa moja tu kila usiku baada ya vyombo kuoshwa, ni miezi sita kabla hajaanza kuyaunganisha. Methali yasema kutoa ni moyo, si utajiri. Mimi naona kwamba katika jambo hili kutoa ni muda, na muda ndio mali pekee ambayo mama huyo alikuwa nayo bila ya kuiomba kwa mtu.

Kitambaa kama hicho hakina jina la aliyekifuma. Ili kukiandikia historia yatupasa kuuliza uzi ulinunuliwa duka gani na kwa fedha za nani, nakshi ilitoka kwa mwalimu au kwa jirani, kilikusudiwa arusi ipi, na kama arusi hiyo ilikuwako. Katika nyumba nyingi anayeweza kuyajibu maswali hayo ni mtu mmoja tu, na umri wake umepita miaka themanini.