Kiungo cha behewa: chuma kilichoipeleka shaba ya Kolwezi kwenye bahari mbili

Siku chache kabla ya mwaka 2023 kwisha, treni yenye shaba ya mgodi wa Kamoa-Kakula iliondoka Kolwezi, Kongo, ikafika bandari ya Lobito, Angola, kwa siku nane. Kwa wakazi wa Dilala, mtaa wa Kolwezi, waliozoea misururu ya malori yanayoelekea kusini, ilikuwa habari kubwa. Reli na vichwa vya treni vilisifiwa. Kuna chuma kingine kinachostahili historia yake: kiungo kinacholishikanisha behewa na mwenzake.

Reli iliingia Katanga, eneo ilipo Kolwezi, kutoka kusini. Ilivuka mpaka hadi Sakania mwishoni mwa 1909, na mwaka uliofuata ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Upana wake ulikuwa ule wa reli za Cape, Afrika Kusini, milimita 1,067, hivyo shaba iliweza kuteremka hadi Beira kwenye Bahari ya Hindi. Mwaka 1931 njia ya Tenke hadi Dilolo iliungana na reli ya Benguela itokayo Lobito, mradi wa mhandisi wa migodi Robert Williams, na Atlantiki ikafunguka. Mji wa Kolwezi ulikulia kando ya njia hiyo.

Lakini upana mmoja hautoshi: mabehewa lazima yashikane. Kiungo cha zamani cha reli za Cape kiliitwa Johnston: mdomo wa chuma wenye umbo la kengele, pete ndefu, na pini nene ya kudondosha kutoka juu. Mfanyakazi alisimama katikati, akaielekeza pete huku behewa likimjia. Nchini Marekani viungo vya pete na pini vilikata vidole na kuua watu wengi, hadi sheria ya 1893 ikaamuru viungo vinavyojifunga vyenyewe. Eli Janney alikuwa amekwisha kusajili chake mwaka 1873: hushikana kama mikono miwili iliyokunja vidole.

Reli za Afrika Kusini zilianza kuhamia aina hiyo mwaka 1927. Kusimamisha treni zote ili kubadilisha viungo kwa siku moja hakukuwezekana. Mafundi wakapata njia: kidole cha kiungo kipya kilichongwa mwanya wa kupitisha pete na tundu la pini, ili kichwa cha treni kipya kivute behewa la zamani. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, aina zote mbili bado zilionekana.

Kiungo cha kidole ndicho kinachotumika leo kwenye njia ya Lobito. Nacho kina masharti. Kidole kikivunjika, wafanyakazi hukibadilisha palepale njiani, ingawa kina uzito wa zaidi ya kilo 30. Urefu wa viungo kutoka kwenye reli lazima ulingane, kwa kuwa vichwa viwili vya viungo hushikana kwa ubavu na vinaweza kuteleza juu na chini. Penye reli iliyobonyea, tofauti kubwa ya urefu inaweza kuikata treni vipande viwili.

Kwa hiyo fedha za kuboresha njia hii ya Lobito zisiishie kwenye madaraja na injini mpya. Mkaguzi wa mabehewa wa Kolwezi apewe vipimo, vipuri na mafunzo, maana usalama wa mzigo wote, na wa watu wanaoishi kando ya reli, unapita mikononi mwake.