Mtungi wa Baba

Tulikulia Ngara. Mtungi wa baba, mhamilishaji wa ng'ombe, ulikaa verandani, kamwe si chumbani, maana mvuke wa naitrojeni hufukuza hewa ya kupumua. Mbegu za fahali zilizogandishwa humo zilitoka kituo cha Kabete, kilichoanzishwa 1946. Mwanzoni mbegu zilitumiwa mbichi, upesi upesi. Mwaka 1949, Uingereza, mtafiti Polge na wenzake waligundua kuwa gliserini hukinga mbegu za kiume zinapogandishwa.

Kila asubuhi baba alichovya ufito, akatazama barafu nyeupe imeushika hadi wapi. Naitrojeni ikipungua mno mbegu hufa, na kuzigandisha tena hakuzifufui.

Leo viinitete vya dada yangu vimo katika mtungi kama ule, nyuzi 196 chini ya sifuri. Swali lake la kwanza kliniki: usiku hupima nani?